Rekoda, nyatiti na watu waliolemewa na mawazo: naomba ushauri kutoka kwa wenzangu

Mwalimu wa Nyalenda

Hamjambo wenzangu. Nilifundisha muziki katika shule za msingi kwa miaka mingi, na tangu nistaafu ninaongoza kikundi kinachokutana kila Alhamisi alasiri katika ukumbi wa kanisa hapa Nyalenda, Kisumu. Tuko 14: wajane watatu, vijana wawili walioacha chuo, mvuvi mmoja wa Dunga aliyempoteza nduguye ziwani, na wengine ambao sikuwauliza kilichowaleta. Hatujiiti kikundi cha wagonjwa, ingawa karibu kila mmoja wetu amepitia kipindi ambacho kuamka asubuhi kulikuwa kazi nzito.

Nilianza na muziki wa kale wa Ulaya, ule uliotungwa kabla ya mwaka 1750 hivi, kwa sababu nilikuwa na rekoda 11 nyumbani, zile filimbi za Ulaya za kupulizwa kutoka nchani, na nyimbo rahisi za zama hizo nazijua kwa moyo. Nilichokigundua ni kwamba rekoda haivumilii pumzi ya nguvu. Ukiipuliza kwa hasira inapiga yowe, na noti za chini hazitoki mpaka utoe pumzi polepole, kwa upole, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Mwezi wa kwanza yule mvuvi hakuweza kuitoa do ya chini hata mara moja. Siku hizi anaishikilia mpaka nihesabu nane, na mabega yake, ambayo yalikuwa yamepanda karibu na masikio, yameshuka. Tunapiga pia pavani, ngoma ya taratibu ya karne ya 16 ambayo mdundo wake ni mmoja mrefu na miwili mifupi, ukijirudia mwanzo hadi mwisho. Anayeona rekoda inamshinda hupiga mdundo huo kwenye mtungi wa maji wa plastiki.

Nina mambo matatu yanayonitatiza. Baadhi yao wanaomba tulete orutu na nyatiti, ala za nyuzi za Wajaluo, na wengine wanakataa katakata bila kueleza sababu. Pili, wiki iliyopita mama mmoja alianza kulia katikati ya wimbo, sote tukanyamaza, na mpaka leo sijui kama nilikosea. Tatu, mzee mmoja wa kanisa aliyejitolea kutulipia bango anataka liandikwe kwamba muziki unatibu sonona. Moyo wangu unakataa, lakini sina maneno ya kumjibu.

Muuguzi wa Nakuru

Mwalimu, pokea salamu kutoka Nakuru. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nami nitaanza na bango, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kuumia.

Tafadhali usikubali neno "unatibu". Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwezi wa Novemba 2019 iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya, nayo inaonyesha kwamba sanaa husaidia kuzuia maradhi na kuwaimarisha walio katika matibabu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliohusisha kina mama 134 waliokuwa na dalili za sonona baada ya kujifungua. Wale waliokuwa na dalili za wastani hadi kali na wakaimba pamoja kwa wiki 10 walipata nafuu mapema kuliko waliopata huduma ya kawaida. Huo ni ushahidi wa kutia moyo, na mzee wako anastahili kuusikia. Lakini kama mtu anayetumia dawa atasoma bango hilo, akaziacha na kuja kupuliza rekoda, tutakuwa tumemdhuru kwa nia njema. Andikeni tu: "Muziki wa pamoja, kila Alhamisi, saa tisa alasiri. Karibuni nyote." Isitoshe, wengi hawatavuka mlango ikiwa kuuvuka ni sawa na kuwatangazia majirani kwamba wanaugua.

Kuhusu yule mama, hukufanya kosa la kukufanya ujilaumu, ila safari nyingine muziki usikatike. Ukumbi unaponyamaza ghafla, macho yote yanamgeukia anayelia, naye hujiona amewaharibia wenzake. Mwenye mtungi aendelee kwa sauti ya chini, na mtu mmoja mliyekubaliana mapema asogeze kiti chake karibu naye bila maswali. Mkimaliza, zungumza naye faraghani. Akikuambia amechoka na maisha, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo wa kulificha. Kisha mfuatane naye hadi hospitalini, usimwache aende peke yake, na usimwache peke yake kabla ya hapo.

Watu wengi bado wanaogopa kulitamka jambo hili kwa kuhofia polisi. Mjue, nanyi muwaambie, kwamba mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Jambo dogo la mwisho: watu 14 na rekoda 11 maana yake kuna wanaopokezana. Zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kubadilishana, na uwezo ukipatikana kila mtu awe na yake.

Fundi wa Alego

Mwalimu, mimi huchonga nyatiti na kuipiga huku Alego, Siaya, na nadhani najua kwa nini wengine wanakataa. Kwetu Wajaluo nyatiti imesindikiza wafu wengi. Mtu aliyezika mwaka huu, akisikia gara, zile njuga, zikilia mguuni mwa mpigaji na oduong'o, ile pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, ikigonga ubao, anaweza kujikuta amerudi katika boma lile, usiku ule. Waulize mmoja mmoja kabla ya kuileta, na mtu akisema hapana, msimshawishi.

Lakini nakusihi usiiache kabisa, kwa sababu nyatiti ina kitu ambacho pavani yako haina, nacho ni pakruok. Katika pakruok, msikilizaji humsimamisha mpigaji, humtuza fedha kidogo, kisha husimama na kujisifu, au kumsifu rafiki yake: jina lake, kwao, mamaye alikotoka, anachojivunia. Ukumbi wote humsikiliza, na anapomaliza nyuzi zinaendelea pale zilipoachia. Ondoeni fedha, bakizeni nafasi hiyo. Nimemwona mzee ambaye kwa miezi alikuwa akiitikia kwa kichwa tu akisimama na kusema yeye ni mjukuu wa mwanamke aliyelima shamba lote la kando ya mto kwa jembe la mkono. Alisema sentensi tatu, akaketi, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa furaha.

Mila ya zamani haikumruhusu mwanamke kupiga nyatiti, lakini leo wapo wanaoipiga hadharani. Kama mmoja wa wajane wako anatamani kuishika, mpe. Nyuzi zake ni nane, na mkono hurudia mzunguko uleule kama ule mdundo wenu wa mtungi, kwa hiyo aliyepotea hungoja tu mzunguko urudi, akaingia. Kwa upande wa orutu, ina uzi mmoja tu. Ukaze ufuate rekoda, maana rekoda haibadiliki.

Binti wa Kakamega

Mimi niliwahi kuwa upande wa pili wa jambo hili, na naomba niongeze neno moja. Katika kikundi nilichojiunga nacho nilipokuwa na sonona, kilichonisaidia ni kwamba nilipewa kazi ya kubeba ngoma moja ya isukuti kutoka stoo hadi uwanjani. Nisipokwenda, ngoma haikufika. Hakuna aliyeniuliza kama ninaendelea vizuri, lakini walikuwa wananingoja. Kisha kiongozi akatangaza kwamba tutaingia mashindanoni, akaanza kuwapanga wazuri mbele na wengine nyuma, nami nikaacha kwenda kwa miezi miwili. Mwalimu, usiwapandishe jukwaani mpaka wao wenyewe waombe.

Mwalimu wa Nyalenda

Ahsanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Mzee wa kanisa nimemwonyesha maneno ya Muuguzi na amekubali bango liandikwe saa na siku tu. Jana niliwauliza wanakikundi mmoja mmoja kuhusu nyatiti: tisa wanaitaka, watatu hawaitaki kwa sasa, na wawili wakaomba muda, kwa hiyo tutaendelea na rekoda na kuijaribu orutu kwanza. Yule mama aliyelia alifika kabla ya wote. Ameomba awe ndiye mwenye mtungi, na kiti chake tumekiweka karibu na mlango.