Mahakama ya Juu ya Marekani ilipata wapi nguvu ya kufuta sheria?

KalamuNyeusi: Wakuu habari zenu. Nimesoma ibara ya 3 ya katiba ya Marekani, ile ya mahakama, sijaona popote majaji wameambiwa wanaweza kufuta sheria iliyopitishwa na Bunge na rais akasaini. Sasa hii nguvu walipewa na nani, au walijipa tu?

Mzee wa Hoja: Mkuu uko sahihi, haijaandikwa wazi. Tafuta kesi ya Marbury dhidi ya Madison, 1803. Rais John Adams alishindwa uchaguzi, sasa anaondoka Machi 1801 akateua watu wake kibao kuwa mahakimu wa amani pale Washington, barua zikasainiwa zikapigwa mhuri ila zingine hazikuwafikia wenyewe, muda ukaisha. Rais mpya Jefferson kuingia tu akazuia zisitolewe, Marbury, mmoja wa walioteuliwa, akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu kumshtaki Madison, waziri wa mambo ya nje wa Jefferson, kudai yake. Na aliyetakiwa kuzifikisha hizo barua alikuwa John Marshall, waziri wa mambo ya nje wa Adams, ambaye ndo huyohuyo jaji mkuu aliyeamua kesi!

Marshall alikuwa pabaya. Akiamuru barua itolewe Jefferson anapuuza, akikataa anaonekana kaogopa. Basi akasema Marbury haki yake anayo kabisa, ila kifungu cha 13 cha sheria ya mahakama ya 1789 kilichomruhusu kuanzia kesi pale kinapingana na katiba, kwa hiyo ni batili. Marbury katoka mikono mitupu, Jefferson hana amri ya kukaidi, mahakama imebaki na rungu.

Binti Katiba: Naongezea, wazo lenyewe halikuanza na Marshall. Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, alishaliandika 1788 akitetea katiba ipitishwe, akasema mahakama haina upanga wala mfuko wa fedha kwa hiyo ndo mhimili wa kuogopwa kidogo kuliko yote. Mi hapo simkubali hata kidogo. Baada ya Marbury, sheria nyingine ya Bunge kufutwa ilikuwa 1857, kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, majaji wakasema mtu mweusi hawezi kuwa raia na Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa kwenye maeneo ambayo hayajawa majimbo. Hiyo hukumu imeumiza watu wangapi?

KalamuNyeusi: Duh. Sasa ilitenguliwaje, mahakama ilijirekebisha yenyewe?

Binti Katiba: Hapana, ilipita kwanza vita ya wenyewe kwa wenyewe, ndo yakaja marekebisho ya 13 ya katiba mwaka 1865 kufuta utumwa na ya 14 mwaka 1868, kwamba aliyezaliwa Marekani na yuko chini ya sheria zake ni raia.