Albamu ya asili ya kuchangamsha: Maisha, Bongo Hotheads au Fusing the Roots?

Mkwaju
Wakuu, salama? Natafuta albamu moja ya bendi ya muziki wetu wa asili, ya siku hizi, nyepesi, ya kumtoa mtu mawazo. Nitaipiga kwenye gari kutoka Dar hadi Dodoma, wazee wawili wakiwa ndani na watoto nyuma. Nimebaki na tatu: Maisha ya The Zawose Queens (2024), Bongo Hotheads ya Jagwa Music (2012) na Fusing the Roots ya Siti & the Band (2018). Ipi ina furaha yenyewe, si makelele tu? Karibuni.

FundiSpika
Jagwa, hapo hata usipoteze muda. Ni mchiriku, muziki wa mitaani wa uswahilini kabisa: kinanda kidogo cha Casio kimeunganishwa na spika za honi, ngoma zinafukuzana, halafu kuna jamaa anakicharaza kigoda kwa fimbo mpaka unakionea huruma. Dereva hasinzii, nakuhakikishia.

BintiChamwino
Fundi kaka yangu, maneno umeyasikiliza lakini? Mdundo unaruka, mashairi yanalia. Dhiki za mjini, usaliti wa mapenzi, mtu na njaa zake. Mzee akitega sikio atauliza mbona mmemletea matanga yenye ngoma.

Mimi nasema Maisha. Waimbaji wake ni wawili: Pendo ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, yule gwiji wa muziki wa Kigogo, Leah ni mjukuu wake. Miaka mingi wanawake wa ukoo ule walikuwa waitikiaji. Hapa wamesogea mbele, na raha ya kusogea huko unaisikia sautini. Wanavyopokezana ndipo penye utamu: mmoja anapanda juu, mwenzake anaingia kwa chini kabla wa kwanza hajamaliza pumzi, na ilimba, ile marimba ya vidole gumba, inavuma hapo katikati haina haraka na mtu. Halafu kuna muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, ile unayoibana kwa mapaja. Mama yangu haikuisha dakika, mabega yakaanza.

MzeeWaZeze
Dada Binti umesema vyema, ila usimfiche mwenzio. Maisha imetiwa vinanda vya umeme na besi za kompyuta. Kuna mahali zinakaa vizuri, kuna mahali zinaifunika zeze, nami hapo huwa nanuna. Lebo, yaani kampuni iliyoitoa, ni Real World, ileile iliyotoa kazi za Hukwe. Atakayezisikiliza zile kwanza ataona tofauti. Hata hivyo kwa swali la Mkwaju nakubali: kwa uchangamfu, hii inaongoza.

FundiSpika
Mzee, besi ndiyo inayowashika watoto!

BiMkubwa_Unguja
Naona Zanzibar mmeiruka kama haipo. Siti & the Band wana udi, wana fidla, taarabu imeoana na rege na jazi, na Siti Amina hapigi makelele kukufikishia neno. Lakini niseme haki: ni albamu ya jioni, ya kukaa na kahawa. Imetulia, tena baadhi ya nyimbo zina mambo mazito ya wanawake. Kwa safari ya mchana na watoto, hapana. Mkifika, wazee wamekwisha kuoga, hapo ipige.

Mkwaju
Asanteni sana. Basi Maisha tangu Kibaha, Siti usiku tukifika. Jagwa nitaipiga nikirudi peke yangu, Fundi usininunie.

FundiSpika
Sinuni mkuu. Ila usipige kwa spika ya simu uliyoitumbukiza kwenye kikombe. Muheme iko chini kule, utaishia kusikia makofi na vigelegele tu. Tafuta waya wa AUX, na ukifika kwenye gari punguza treble, zile sauti kali za juu, kwanza kabla hujaongeza sauti.

BintiChamwino
Na wimbo wa kwanza usiuruke.