Ukoo wa Bibi, Same: ubatizo wa Baraka

*Ijumaa*

Mama Neema, 06:12: Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na shalom kwa wale wa shalom. Ubatizo wa Baraka ni Jumapili ya wiki ijayo, misa ya pili. Waliochanga ni 6. Kundi lina watu 41.

Mama Neema, 06:13: Mama wa ubatizo ni Eliakunda. Hilo limepita.

Deo, 09:40: Shikamoo shangazi. Samahani, katekista anasema shemeji Eliakunda ni Mlutheri, atasimama kama shahidi tu. Lazima awepo na msimamizi Mkatoliki.

Mama Neema, 09:41: Shahidi? Kwani kuna kesi?

Shedi, 09:41: 😂😂 Mtoto ana mwezi mmoja tu duniani, kesi gani

Deo, 09:48: Ubatizo wake wanaukubali. Hata akihamia kwetu leo hawambatizi tena. Ila msimamizi anaahidi kusaidia kumlea mtoto Kikatoliki.

Eliakunda, 09:50: Kwa hiyo Ukristo wangu unatosha kuhama nao, hautoshi kushika mtoto. Sawa.

Mama Neema, 09:51: Elia usianze. Na nyie mnaosoma mkanyamaza, tiki za bluu naziona.

Japhet, 10:15: Mimi nitasema kweli hata ikiuma. Marko 16:16, AAMINIYE na kubatizwa. Kuamini kwanza. Mtoto anaamini nini? Hapo mnamlowesha kichwa tu.

Deo, 10:19: Na mlinzi wa gereza kule Filipi, Matendo 16? Alibatizwa yeye na watu wake wote.

Japhet, 10:20: Wapi wametajwa vichanga?

Shedi, 10:20: Wapi wamekanushwa 😂

Mama Neema, 10:21: NIMEULIZA MICHANGO

Eliakunda, 10:33: Japhet, si ndiye wewe uliyetoka mtoni ukamwambia Bibi ubatizo wako wa kwanza ulikuwa kuoga?

Japhet, 10:34: Sikusema kuoga.

Eliakunda, 10:34: Na pale kaburini, yule mhubiri alikuja na nani?

Japhet, 10:36: _Ujumbe huu umefutwa_

Godlisten, 11:02: Huku Utah Wamormoni nao wanabatiza kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Roma ikasema 2001 ubatizo ule si halali: maneno yanafanana, ila Utatu wanaouamini si ule. Jirani yangu akaniuliza, kwani mimi si Mkristo? Nikaanza kuyasifia maua yake.

Shedi, 11:03: Kaka, na mchango wa dola?

Godlisten, 11:40: Mtandao unakatika

Mama Ruthu, 12:10: Mimi natoa. Ila vitunguu vya Jumapili sivigusi Jumamosi mpaka jua lizame. Mnajua.

Shedi, 12:11: Pilau la watu 80 lianze kuandaliwa usiku?

Mama Ruthu, 12:12: Au mtafute mpishi asiye na Sabato.

Neema, 13:27: Bibi ananiambia niandike kama anavyosema. "Wasabato walifika Giti 1903, baba yangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mimi wamenibatiza wao, maji ya kifuani. Nikaolewa na Mlutheri. Siku namzika, mtu alisimama juu ya kaburi akauliza kama marehemu alikuwa Mkristo. Sikumjibu, nilikuwa na wageni. Japhet, kesho uje nyumbani. Peke yako."

Japhet, 18:05: Shikamoo Bibi. Nitakuja.

Mama Neema, 18:30: Haya. Msimamizi Mkatoliki ni nani? Deo?

Deo, 18:52: Kuna dada mmoja wa jumuiya yetu. Ngoja nimuulize.

Eliakunda, 18:53: Gauni nimeshashona.

Mama Neema, 18:53: Utalivaa. Na vitunguu?

*Jumamosi*

Mjomba Elisante, 05:50: Hongereni sana kwa harusi. Ni lini?