Zebaki ziwani, shaba kwenye matumbawe: je, madhara ni yale yale?

Mkazi wa Igombe: Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Huku Mwanza tunazungumzia sana zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Geita. Binti yangu anajifunza kuhusu matumbawe ya Mafia, nami ningependa kujua kama metali huyadhuru pia.

Mwalimu wa Baiolojia: Ndugu yangu, ziwa letu ni la maji baridi, hivyo halina matumbawe. Baharini metali inayotia hofu zaidi ni shaba, ambayo hutoka katika maji taka na katika rangi zinazopakwa chini ya vyombo vya majini ili visiote viumbe. Hata kiasi kidogo huzuia mayai ya matumbawe kurutubishwa, na huweza kuwafukuza mwani wanaoishi ndani ya tumbawe na kulilisha, likabaki jeupe. Mifupa yake ya chokaa hukua kwa matabaka ya kila mwaka na kuhifadhi metali kama risasi, kiasi kwamba wanasayansi husoma humo historia ya uchafuzi wa miongo mingi. Jambo hili hunistaajabisha sana.

Mchuuzi wa Kirumba: Asante, Mwalimu. Je, sangara mkubwa ana zebaki kuliko dagaa?

Mwalimu wa Baiolojia: Kwa kawaida ndiyo, kwa sababu bakteria wa kwenye tope huigeuza zebaki kuwa metili-zebaki, aina yake yenye sumu inayojikusanya mwilini, nayo huongezeka kila samaki anapomla mwenzake. Mkataba wa Minamata, yaani mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika 2017, unataka pia uchomaji wa dhahabu iliyochanganywa na zebaki ukomeshwe katika makazi ya watu, ambako watoto huvuta mvuke wake.