Programu ya ankara inapoteza shilingi 130, wenyewe wanasema ni senti tu

Wakuu, salaam. Mimi ni mhasibu wa duka la jumla hapa Dar es Salaam, na ninaandika nikiwa na hasira niliyoivumilia kwa miezi minne. Programu ya ankara tunayoilipia kila mwezi haijui kuhesabu fedha, na kila ninapowapigia simu wenye programu ninajibiwa kwamba hizo ni senti tu, kana kwamba kazi ya mhasibu ni kukisia.

Chukueni sabuni tunayouza shilingi 1,000 kwa kipande, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa ndani. Kodi hiyo ni asilimia 18, kwa hiyo bei bila kodi hupatikana kwa kugawanya 1,000 kwa 1.18, nayo ni 847.4576 na mkia mrefu unaoendelea. Programu inaukata mkia huo na kubakiza 847 kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Mteja akichukua vipande 240, inazidisha 847 kwa 240 na kupata 203,280, inaongeza kodi ya 36,590, kisha inatoa ankara ya shilingi 239,870. Mteja tulikubaliana naye 240,000, na amelipa 240,000, lakini kwenye leja anaonekana kwamba amezidisha malipo na kwamba sisi tunadaiwa shilingi 130. Wateja wa namna hiyo ninao zaidi ya thelathini, kila mmoja na salio lake la uongo, na kila mwisho wa mwezi ninakaa ofisini hadi usiku kuyafuta masalio hayo moja moja. Wangeacha desimali zote mahali pake, wakazidisha kwanza, wakakadiria mara moja tu mwishoni, wangepata 203,389.83 bila kodi na 36,610.17 ya kodi, jumla 240,000 kamili. Ni kweli hakuna anayelipa kwa senti Kariakoo, lakini senti isiyolipwa mkononi bado ina kazi ndani ya hesabu, na ukiitupa mapema inarudi ikiwa shilingi.

Kuna jambo la nusu pia, yaani kama ipandishwe au ishushwe. Kodi ya bidhaa ambayo bei yake bila kodi ni shilingi 1,025 ni 184.5. Programu inaandika 184, wakati Excel, ambamo ninahakikisha kazi yangu, inaandika 185. Nilidhani nimekosea mimi, nikarudia mara tatu. Baadaye nikafahamu kwamba lugha kadhaa za programu, Python ikiwamo, huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, ili makosa ya kupanda na ya kushuka yafutane kwa muda mrefu. Kanuni hiyo ina sababu yake, nami siipingi. Ninachokipinga ni kuichagua kimyakimya bila kumwambia mtu atakayeulizwa kwa nini ankara na ripoti hazilingani.

Hata hivyo, lililonifanya nifungue uzi huu ni la wiki iliyopita. Tuna mteja Kampala na mwingine Muscat. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4217 kinaeleza wazi kwamba shilingi ya Tanzania ina nafasi mbili za desimali, shilingi ya Uganda haina hata moja, na rial ya Oman ina tatu, kwa sababu rial moja ni baisa 1,000. Programu yetu inadhani dunia nzima ina senti mia. Malipo ya shilingi 250,000 za Uganda yaliingia yakisomeka 2,500, na malipo ya rial 12.500, yaani baisa 12,500, yakasomeka rial 125.00. Mteja mmoja akaonekana mdaiwa sugu, na mwingine akaonekana ametulipa mara kumi. Nilimpigia simu yule mzee wa Kampala kumdai fedha alizokwisha kulipa, na aibu ile nimeibeba mimi, si waliotengeneza programu.

Sitasema mengi kuhusu mkato unaotenga maelfu, ambao ukihamisha ripoti kwenye faili la CSV (faili la maandishi linalotenganisha safu kwa mkato) unaigawa 1,250,000 katika safu tatu. Mtu yeyote aliyefanya kazi hii kwa wiki moja angelikuta tatizo hilo.

Kijana mmoja anayejua mambo haya alinionyesha kwamba kompyuta, ikiachwa na namba zake za kawaida za desimali, hupata 114.99999999999999 inapozidisha 1.15 kwa 100, kwa kuwa sehemu nyingi za kumi haziandikiki kikamilifu kwa 0 na 1. Dawa inajulikana siku nyingi: hifadhi fedha kama idadi kamili ya sehemu ndogo kabisa ya sarafu husika, au tumia aina ya namba iliyotengenezwa kwa ajili ya desimali, na uache kukadiria hadi mwisho wa hesabu. Basi kwa nini tunauziwa programu ya fedha ambayo haikufanya hata hilo?

Nimewaandikia barua rasmi nikidai warekebishe mpangilio wa kodi na desimali za kila sarafu, na waseme kwa maandishi wanatumia kanuni ipi ya nusu. Aliyekwisha kupata programu inayoipitisha ile ankara ya vipande 240 ikatoka 240,000, tafadhali aitaje hapa.