Bajeti ya barabara: tujenge lami mpya au tutunze zilizopo? Naomba ushauri

Mjumbe_Mpya: Wakuu, nimeteuliwa kwenye kamati ya wananchi ya kutoa maoni juu ya bajeti ya barabara kabla haijapitishwa. Karibu fedha zote zimeelekezwa kwenye barabara moja mpya ya lami. Fungu la matengenezo limekatwa, kilichobaki ni cha kuziba viraka tu. Wenzangu wanashangilia lami, mimi nasita. Nikasemeje nisionekane napinga maendeleo?

Tabaka_la_Chini: Anza na maji, mkuu. Ufa mdogo usipozibwa, maji yanapenya hadi kwenye msingi, udongo unalainika, gari zito likipita lami inabonyea, mara shimo. Kuzibua mtaro na kalvati ni kazi ya majembe na sururu. Kufumua msingi ni mitambo, na hapo ndipo fedha zinapoteketea. SANRAL, wakala wa barabara kuu za Afrika Kusini, hutoa hesabu hii: ukipuuza matengenezo miaka 3, gharama ya ukarabati inafika mara 6 ya ile ya matengenezo, miaka 5, mara 18. Ipeleke kikaoni kama ilivyo.

Utingo_Mstaafu: Mitaro haikatiwi utepe, ndiyo shida.

Mama_Wawili: Mnaongea kama watu wenye barabara tayari. Kuna mahali mvua ikinyesha mgonjwa anabebwa kwenye machela hadi gari lilipo. Mtu wa huko ukimhubiria kuziba nyufa hakuelewi, na ana haki.

Tabaka_la_Chini: Dada, nakubali kabisa. Ila kupitika si lazima lami. Magari yakiwa machache, changarawe iliyoshindiliwa vizuri, yenye mgongo katikati na mitaro pembeni, inatosha, mradi greda lipite mara kwa mara. Mjumbe, uliza kwanza wamehesabu magari mangapi kwa siku. Kama hawajahesabu, hiyo lami imechaguliwa kwa macho.

Ekseli: Msisahau mizani ya kupimia malori. Majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa majimbo kule Marekani, 1958 hadi 1960, yalionyesha uharibifu unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Uzito ukiwa maradufu, uharibifu unakuwa kama mara 16. Kujenga huku malori yanazidisha mizigo ni kutwanga maji kinuni.

Mjumbe_Mpya: Asanteni sana, na Mama Wawili umenifungua macho. Sitapinga barabara. Nitauliza hesabu ya magari, kwa nini isiwe changarawe kwanza, na fungu la kuitunza miaka ijayo litatoka wapi.

Ekseli: Ongeza kipindi cha uangalizi cha mkandarasi, yaani muda baada ya ujenzi ambao anarekebisha kasoro mwenyewe: ni muda gani, na kiasi gani cha malipo yake kinazuiwa hadi kiishe. Akishalipwa zote, simu haipokelewi.