Bonasi ya mkono mkali (karata kali ulizopata) kwenye poka ya home, mnalipaje?

Wadau, tuko sita, kila ijumaa kila mtu anatupia buku kwenye kopo la bonasi, anayepata fulu hausi (karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine) anabeba lote. Sasa juzi jamaa kabeba mara mbili usiku mmoja watu wakanuna mpaka wali ukapoa. Turekebishe vipi?

> Fulu hausi rahisi mno mkuu, kwa karata saba (mbili za mkononi, tano za mezani) inatoka kama mara 1 kwa 38. Wekeni nne sawa (karata nne za namba moja), hiyo ni kama 1 kwa 595, kopo lijae kwanza.

> Na lazima zote mbili za mkononi zitumike. Kwetu nane nne zilifunguka mezani, kila mtu anadai lake 😂

> Kopo likinona watu hawatupi karata, wanang'ang'ania vijozi vya mbili mbili tu wakivizia bonasi, mchezo unaharibika